Mshindi wa Mizani

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua imefika! Saa nane mchana, tena si manyunyu, mvua yenyewe. Imepiga bati la chumba chetu cha kusafishia damu mpaka mashine zikawa zinalia hatuzisikii. Mimi nikatoka barazani nikaicheza, glavu mkononi. Kwetu Goweko watu wanahamishia miche ya tumbaku shambani wiki hii, na mimi niko hapa mjini Tabora na daftari nililolianza leo, kwa sababu nikikaa na maneno mengi usingizi haunijii.

Mimi ni Mektilda, muuguzi, miaka kumi na sita kazini, minne ya mwisho kwenye mashine za figo. Wagonjwa wetu figo zao zimekufa. Maji wanayokunywa hayatoki, yanakaa mwilini mpaka waje kwetu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mashine iyavute. Ndiyo maana kila mtu anapanda mizani akiingia. Aliyeongezeka kilo nne amekunywa kama ngamia, namgombeza mpaka wa nje wasikie. Aliyeongezeka kidogo kuliko wote ndiye Mshindi wa Mizani: anapigiwa makofi, anakabidhiwa rimoti ya televisheni kwa saa zote nne. Shindano hilo ni langu. Nimelibuni Agosti, na watu wamepunguza maji kweli, hata Dk. Revocatus ameniambia niliandikie ripoti isomwe Dodoma. Mimi, Dodoma!

Mshindi wa leo ni Mzee Mabruki, fundi wa kushona kanzu. Kilo moja na nusu.

Ijumaa, 15 Novemba

Mabruki tena. Kilo moja. Ameweka taarabu saa nne nzima, na kuna mechi. Wanaume wamenuna.

Jumatano, 20 Novemba

Mabruki. Mvua. Umeme umekatika mara mbili, jenereta limewaka mara mbili, Mungu mkubwa.

Ijumaa, 22 Novemba

Gramu mia sita! Nimemwuliza siri yake mbele ya watu wote, wajifunze.

"Shikamoo mtani. Unafanyaje?"

"Marahaba. Nanyonya ndimu, nalala. Si kama nyinyi Wanyamwezi, mnakunywa maji kama bado mko njiani na mizigo ya watu."

Mzee Mabruki ni Mzaramo. Babu yake alikuja Tabora na msafara kutoka pwani, akaoa, akabaki. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi hizo za kutembea kwa miguu, kwa hiyo hana la kuniogopa wala mimi sina la kumwogopa. Nikamjibu kwamba babu yake alifika hapa amebebwa mgongoni na babu yangu, na nauli hatujaiona hadi leo. Chumba kizima kilicheka. Nimewaagiza wote wanyonye ndimu.

Jumatatu, 25 Novemba

Mabruki. Nimeacha hata kushangaa.

Ijumaa, 29 Novemba

Nusu kilo. Lakini akiwa kwenye mashine presha ilishuka saa ya pili, misuli ya miguu ikamkaza mpaka akauma shuka. Nikampa dripu, akatulia. Binti yake Zuwena, anayemleta kila siku, akaniambia baba amechoka siku hizi. Nikamwambia kuchoka ni kawaida yao. Kanzu inampwaya begani. Nikamtania kwamba fundi gani anajishonea gunia, akacheka, lakini alichelewa kucheka.

Mwezi wa pili Zuwena anaolewa, kabla ya Ramadhani. Mzee ananiambia kila siku kwamba atamwozesha kwa mkono wake mwenyewe, hatamwachia ndugu wala sheikh. "Hizi figo zenu za plastiki zinifikishe hapo tu," anasema, "baadaye tutazungumza."

Jumatano, 4 Desemba

SIFURI! Hajaongezeka hata gramu moja! Tangu nizaliwe sijaona. Nimepiga vigelegele, nimempiga picha amekaa na rimoti yake, nimeibandika ukutani kwa plasta ya hospitali, chini nimeandika kwa wino mwekundu MSHINDI.

Dk. Revocatus alipopita akaitazama. "Sifuri? Mtu asiyekojoa? Hebu mwulize vizuri."

Nikamwuliza. "Mzee, unakula?" Akasema anakula. "Tumbo halina shida?" Akasema halina. Watu kumi na wawili wanamtazama, rimoti mkononi.

Ijumaa, 6 Desemba

Nitaandika yote.

Alikuja ameshikiliwa, Zuwena kushoto, mkewe Bi Tunu kulia. Akapanda mizani. Uzito ule tunaotaka kumwacha nao baada ya kutoa maji yote ni kilo hamsini na nane. Leo kabla hatujamtoa hata tone alikuwa hamsini na sita. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshainua viganja kupiga makofi.

Nikavishusha. Nikaitazama ile namba tena. Mtu hawezi kuja mkavu kuliko ukavu. Hayo si maji aliyojinyima, hiyo ni nyama yake inayokwisha, na maji yanayotoka kwa njia nyingine! Wiki nne nimekuwa nikimshangilia mtu anayeyeyuka.

Hatukufika mbali na mawazo. Presha sabini kwa arobaini, macho yakageuka. Tukamlaza, dripu, oksijeni, mwenzangu Imakulata akakimbilia daktari. Tulipomgeuza tubadilishe shuka tukaona damu. Si ya mkono wa sindano. Ilitoka chini, nyingi, nyekundu. Zuwena alipiga ukelele, nikamtoa nje.

Bi Tunu ndiye aliyenieleza, tumesimama kwenye korido, anazungumza na ukuta zaidi kuliko na mimi. Tumbo lilianza kuendesha tangu mwanzo wa Novemba. Mara sita kwa siku, kisha nane, kisha kumi. Anaamka alfajiri kufua mashuka watoto wasijue. Dawa ya ameba wamenunua duka la dawa mara tatu. Mizizi wamechemsha. Na mumewe kamwapisha asifungue mdomo.

"Kwa nini, Bi Tunu? Sisi ni hospitali! Nani aliwaambia mfiche hospitalini?"

Akanigeukia. "Alisema, mke wangu, kule napigiwa makofi. Miaka mitatu tangu niugue hakuna mahali ninaposifiwa ila kule. Nikiwaambia ni kuhara, wataninyang'anya."

Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu: lile shindano limekuwa pazia, na mimi ndiye niliyelishona. Dk. Revocatus alisimama sekunde moja tu mbele ya picha yake akashtuka. Mimi nilimwona mara tatu kila wiki.

Jumapili, 8 Desemba

Yuko wodini. Choo kimepimwa: hakuna ameba, hakuna minyoo. Damu imepimwa Ukimwi mara mbili, hana, na wale wa kitanda cha jirani waliokuwa wakinong'ona wameona haya. Ameanzishiwa antibayotiki.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, mashine hazina sikukuu. Tumemsafisha bila ile dawa ya kuzuia damu kuganda, maana mtu anayetoka damu huwezi kumpa. Basi damu ikaganda kwenye chujio, tukabadilisha, ikaganda tena. Imakulata na mimi tumesukuma maji ya dripu kwa zamu kila robo saa kama wanawake wanaotwanga. Saa tatu badala ya nne. Ameongezewa damu chupa mbili.

Ile picha bado iko ukutani. Kila nikiiendea kuibandua naitwa mahali.

Ijumaa, 13 Desemba

Antibayotiki siku ya sita, anakwenda mara tisa. Dk. Revocatus amekonda na yeye.

Lakini mimi nimepata kitu! Nimepata kitu! Siku tatu nasoma kwenye simu kila ninapokaa, jikoni, foleni ya benki, hata kanisani wakati wa matangazo, Mungu si mchoyo. Wapo wagonjwa wa mashine kama wetu, nchi za mbali, walioharisha wiki na wiki, wakapewa dawa za ameba na antibayotiki kama huyu, na havikusaidia. Kumbe ni kirusi! Kinaitwa saitomegalovirasi, jina refu, chenyewe hakina miguu. Wengi wetu tulikipata utotoni, kikatulia mwilini, hata mimi huenda ninacho. Kinga ikilegea kinaamka, na kwa watu wachache kinaamkia kwenye utumbo, kinautoboa vidonda.

Nilikimbia na simu mkononi mpaka ofisini kwake, nikasahau kubisha hodi.

"Mektilda, hicho ni cha watu ambao kinga yao imeanguka. Huyu hana Ukimwi, hana saratani, hajapandikizwa figo."

"Na figo zilizokufa miaka mitatu, daktari, kinga zinaiacha wapi? Si wewe uliyetufundisha kwamba uchafu wa damu unawalevya hata askari wa mwili? Chanjo ya homa ya ini tunawapa dozi maradufu kwa sababu gani?"

Akaivua miwani, akaivaa. Halafu akaanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Endelea kusoma kanisani," akasema. "Ila kusoma hakutoshi. Inatakiwa kamera iingie kwenye utumbo, tukate kinyama, kikasomwe Mwanza kwa darubini."

Daktari wa kamera anakuja Jumanne. Jumanne! Nimerudi nyumbani naimba.

Jumamosi, 14 Desemba

Kakataa.

"Kamera inaingilia wapi?" aliuliza. Dk. Revocatus akamweleza. Mzee akageukia ukutani, akasema, "Nimeshona kanzu za watu wazima wa mji huu. Sitavuliwa nguo nikaangaliwa huko. Niacheni nife na heshima yangu." Bi Tunu kamwomba, Zuwena kampigia magoti, shemeji yake kaja. Hapana, hapana, hapana.

Jumapili, 15 Desemba

Mvua kutwa. Mara kumi na moja, na damu. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 16 Desemba

Leo nimefanya jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha uuguzi.

Asubuhi kabla ya mashine niliingia wodini kwake. Bi Tunu alikuwa anamlisha uji, hamezi. Nikatoa mfukoni utepe wa kupimia, nikausimamisha kisigino chake, nikauvuta hadi utosini.

"Unafanya nini wewe?"

"Shikamoo mtani. Napima urefu."

"Marahaba. Wa nini?"

"Wa kaburi. Nataka nijue kama nitaenea, maana nitalala humo kabla yako. Utakufa Alhamisi hivi, au Ijumaa ukijitahidi. Nitakuja msibani kwako, mtani wako halali, na sitokei mlango wa nyuma. Nitalala shimoni, na hawataninyanyua mpaka niseme nilichokuja kusema. Nitawaambia wazee wote wa msikitini: fundi Mabruki hakuuawa na figo, figo tulizimudu. Kafa kwa kuona haya! Kaficha kuhara mpaka kuhara kukamzika! Nitawaonyesha unavyokimbilia choo, nitawaigizia na mwendo."

Nikauigiza ule mwendo pale pale, magoti yamebanana, mkono nyuma. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaficha uso kwa shuka.

"Huwezi," akasema Mzee Mabruki.

"Siwezi? Mzaramo, nani atanizuia? Msibani mtani hajibiwi, na wewe siku hiyo hutakuwa na mdomo. Chagua. Kesho uonwe na watu watatu chumbani, mlango umefungwa, uwe hai. Au Ijumaa uonwe na mji mzima kwa mdomo wangu."

Nilijua nimevuka mpaka wowote ule. Ndipo Bi Tunu akacheka. Mwanamke yule ambaye wiki nzima hajatabasamu alishika mdomo kwa upande wa khanga akacheka mpaka uji ukamwagika, na mzee akamtazama mkewe akicheka, na yeye akaanza, kwanza mabega, kisha sauti. Alicheka mpaka machozi, na nadhani mengine hayakuwa ya kucheka.

"Wewe mwanamke huna adabu."

"Nimeiacha Goweko, kule kuna mvua nyingi, haikuweza kusafiri."

"Wanawake wasiwemo humo ndani," akasema. "Hata mmoja."

"Na mimi?"

"Wewe si mwanamke. Wewe ni mtani."

Nikatoka nikaingia stoo ya mashuka, nikalia dakika tano, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Jumanne, 17 Desemba

Nimesimama kichwani pake, nimemshika mkono. Skrini iko ukutani, kwa hiyo nimeona yote. Utumbo mzima una vidonda, vya duara, vimechimbika kama vimetobolewa na ncha ya kijiko, vingine vinachuruzika damu. Daktari wa kamera alisema "He!" mara moja, na huyo si mtu wa kusema he. Akakata vinyama sita. Nimeviandikia jina mwenyewe, nimefunga kifuniko mwenyewe, nimevipeleka stendi mwenyewe na kumkabidhi kondakta wa basi la Mwanza, nikamwambia humu mna mtu, asiviweke chini ya mizigo.

Jumatano, 18 Desemba

Mwanza wamepokea. Mashine saa tatu, chujio limeganda mara moja tu.

Alhamisi, 19 Desemba

Hakuna.

Ijumaa, 20 Desemba

Ametoka damu tena, chupa mbili zaidi. Haniiti tena mpagazi kama utani wetu ulivyo, ananiita mwanangu. Simpendi akiniita hivyo, arudi kwenye matusi.

Jumatatu, 23 Desemba

Hakuna majibu. Nimepiga Mwanza mara nne. Aliyepokea ya nne alinitambua kwa sauti, akaniambia, "Dada, ukipiga tena ndiyo unatuchelewesha."

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Misa ya alfajiri, kisha mashine. Bi Tunu, Mwislamu wa watu, amenipikia pilau akaniletea kazini, mumewe kalala pale ngozi na mifupa. Nimekula huku namtazama.

Ijumaa, 27 Desemba

NDICHO! NDICHO HASA!

Saa tano asubuhi simu ya Dk. Revocatus imelia, nikamwona anasimama, anakaa, anasimama. Wameona seli zilizovimba, na katikati ya kila moja doa jeusi lenye duara jeupe. Madaktari wana jina lake, wanaliita jicho la bundi. Wametia na rangi maalumu ya kuhakikisha. Saitomegalovirasi, bila shaka yoyote! Nilimkumbatia daktari. Nimemkumbatia na Imakulata, na fundi wa jenereta aliyekuwa anapita.

Kumweleza mzee ndiyo ilikuwa kazi. Dk. Revocatus, msomi wa watu, akalitaja hilo jicho la bundi bila kufikiri. Bi Tunu akaruka kitandani, "Audhubillahi!", maana bundi akilia tu juu ya paa nyumba nzima haikai, sembuse awe tumboni kwa mtu. Mzee Mabruki alifumbua jicho moja.

"Basi huyo ndiye aliyekuwa akinila," akasema kwa sauti ya chini. "Mtafutieni manati."

Manati inaitwa gansiklovia, ya sindano, na Tabora nzima hakuna. Daktari ameagiza Dar es Salaam.

Jumapili, 29 Desemba

Imekuja kwa ndege. Nimeipokea uwanjani mimi, nimeibeba kifuani kama ekaristi.

Jumatatu, 30 Desemba

Dozi ya kwanza. Nimefurahi na hili: inachomwa baada ya mashine, si kabla, maana ikichomwa kabla mashine itaiosha itoke na uchafu. Kwa hiyo dawa hii ni yetu, ya chumba chetu, mara tatu kwa wiki, mkononi mwangu.

Ijumaa, 3 Januari

Mara nane.

Jumatatu, 6 Januari

Nane. Simlaumu mtu, nimegombana na kila mtu.

Jumatano, 8 Januari

Tumepata mgonjwa mpya, Silasi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ulyankulu. Mpole, Mmoravian, anaitikia kila kitu "asante sista", hata sindano. Mabruki nane, lakini damu sijaiona.

Ijumaa, 10 Januari

Sita!

Jumatatu, 13 Januari

Nne! Nimeandika kwenye kiganja, nimemwonyesha kila mtu wa korido.

Ijumaa, 17 Januari

Mara mbili, na cha pili kimeshikana. Bi Tunu kanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kunieleza habari za choo hicho kwa kirefu, rangi na umbo, na mimi nikapiga vigelegele kitandani. Mume wangu Gerson akaniuliza nani kajifungua.

Jumatano, 22 Januari

Kilo hamsini na saba na nusu, na kaniita mpagazi. Wabeja, asante, Mungu wangu.

Ijumaa, 24 Januari

Dozi ya mwisho. Chembe nyeupe za damu zimeshuka kidogo, dawa hiyo huzila, daktari anasema zitapanda. Ameruhusiwa kwenda nyumbani.

Shindano hakuna tena tangu Desemba, wala sijawaeleza wagonjwa kwa nini. Wanadhani nimelisimamisha kwa huruma tu. Picha niliibandua, iko ndani ya daftari hili. Rimoti inakaa mezani, na anayewahi ndiye anayeichukua. Dk. Revocatus ameniuliza ripoti ya Dodoma iko wapi, nikamwambia inakuja. Mwongo mkubwa mimi.

Jumapili, 16 Februari

Ameozesha! Nilikuwepo, nimekaa upande wa wanawake kwenye mkeka, nimefungwa khanga ya sare. Dirisha liliachwa wazi ili tusikie. Mzee Mabruki amemshika mkwewe mkono, ametamka mwenyewe, "Nimekuoza binti yangu Zuwena," sauti haikutetemeka hata kidogo, na kanzu imemkaa begani barabara kwa sababu ameishona upya. Wanawake tulipiga vigelegele mpaka nimepoteza sauti.

Jumatatu, 17 Februari

Sikupanga iwe leo. Lakini nilimwona anaingia na hina ya sherehe bado kidoleni, akapanda mizani, kaongezeka kilo tatu na nusu za soda na pilau, na badala ya kumgombeza nikajikuta naomba televisheni izimwe.

Nikawaambia. Watu kumi na wawili, wote wameshaunganishwa, hakuna wa kukimbia. Nikasema kwamba lile shindano lilikuwa langu na lilikaribia kuua mtu. Kwamba nilimfundisha mgonjwa kunificha ugonjwa, kisha nikampigia makofi kwa kuuficha. "Kosa ni langu, si la aliyeficha. Na kuanzia leo..."

"Kaa chini, mpagazi," akasema Mzee Mabruki. "Mzigo huu naubeba mwenyewe."

Akaeleza. Yote! Mara ngapi, rangi gani, mashuka, damu, jinsi alivyojibana ndani ya bajaji akimwomba Mungu taa za barabarani ziwe kijani. Kamera imeingia wapi, na yeye amelala vipi. Akina mama wakajifunika uso, wakacheka, wakajifunua wasikie vizuri. "Nimeangaliwa," akasema, "tena kwenye skrini ya ukutani, kubwa kuliko hii. Na jana nimeozesha. Kuwa na haya ni kitu kizuri, lakini usiilete kwenye hiki kiti."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono niwashe televisheni.

"Sista." Alikuwa mwalimu Silasi, kiti cha mwisho, anatazama magoti yake. Masikio yamemwiva. "Samahani sista. Mimi leo ni siku ya nne. Mara saba jana."

Nikaichukua fomu yake iliyoning'inia kwenye mashine. Ameongezeka gramu mia nne tu tangu Ijumaa, na pembeni ya namba hiyo, kwa mwandiko wangu mimi, wa asubuhi ya leo, pameandikwa: Vizuri sana.

Nikalikata hilo neno kwa kalamu mpaka karatasi ikachanika. Kisha nikampigia Dk. Revocatus hapo hapo, mbele ya wote, sauti yangu iliyokwama kwa vigelegele vya jana inatoka kama ya jogoo mchanga. "Daktari, njoo! Kuna mwingine, labda ndicho, labda sicho, sijui, lakini njoo! Ya nne tu, daktari! Amesema siku ya nne!"

Alikuja mbio, viatu vimelowa mvua. Silasi akaanza kumweleza, mwanzo kwa kunong'ona, na Mzee Mabruki kutoka kiti cha pili akampaazia sauti: "Sema kwa nguvu, mwalimu, tunasikiliza."